Dumu la Bwana Mifugo

Ukitaka kuharibu kikao cha pombe pale Ngulyati, huna haja ya kutaja siasa wala Simba na Yanga. Sema tu, "Mihayo alikuwa mtu," halafu sogea pembeni. Mmoja atasema alikuwa mtu kweli, na ni mmoja kati ya elfu. Mwingine atauliza ni mtu gani huyo anayekaa na wezi meza moja miaka miwili asipige kelele. Wa tatu, ambaye wakati huo hakuwa na hata mbuzi, ndiye atakayepiga meza kuliko wote. Ila hakuna hata mmoja wao aliyekaa na Mihayo nyumba moja. Aliyekaa naye ni Felisita, mkewe, na ukimuuliza yeye atakuambia uvute kigoda kwanza.

Felisita ni mtu wa Mkula. Alifika Ngulyati mwaka wa tisini na tano, bibi harusi wa mwaka mmoja, nyuma ya mume mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni na kicheko kinachochelewa. Mihayo alikuwa bwana mifugo mpya wa kijiji, mwenye dhamana ya josho. Yeye alikulia Lingeka akichunga ng'ombe wa baba yake, na mwaka mmoja wa mvua ndigana, homa ile ya kupe, iliingia zizini ikawamaliza wote, akabaki ndama mmoja. Josho lilikuwa hapo hapo, hatua mia tatu, na ng'ombe walikuwa wakiogeshwa kila wiki. Waliogeshwa maji matupu. Baba yake alikaa mlangoni pa zizi na fimbo yake, akiwaita ng'ombe waliokufa jina kwa jina, mpaka mama akamshika mkono akamwingiza ndani. Mihayo alikuwa na miaka kumi na moja. Alipokwenda kusomea mifugo, kilichompeleka ni hicho.

Nao ulikuwa wakati wa ruksa. Pamba ilinunuliwa na kila mwenye mizani, mitumba ilimwagwa mnadani mpaka wazee wakavaa makoti ya Wazungu wa baridi, na mjini Bariadi maduka ya dawa za mifugo yaliota kama uyoga. Josho, ambalo zamani lilikuwa la serikali na dawa ya bure, likakabidhiwa kijiji. Wafugaji walichanga, kamati ikapeleka mchango mjini, na stoo ya dawa ikatoa pipa. Mkuu wa stoo aliitwa Bwana Fredrick, mnene, mpole, anayemwita kila mtu "mdogo wangu."

Kumbe pipa lilikuwa likifunguliwa stoo kabla ya kuona kijiji. Nusu ya dawa iliingia kwenye madumu, madumu yakaingia madukani, na pipa likajazwa maji na chokaa ya kupaka ukuta. Chokaa ilikuwa na kazi yake. Wafugaji wa Ngulyati walipima dawa kwa macho: maji ya josho yakiwa meupe kama maziwa, dawa ni kali, yakiwa na rangi ya udongo, mmeibiwa. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Walijifundisha wenyewe, na jambo ulilojifundisha mwenyewe ni gumu kukutoka kichwani.

Siku ya kwanza Mihayo alipokwenda kuchukua dawa, Bwana Fredrick alimkabidhi pipa, kisha akasukuma kwa mguu dumu la lita tano kutoka chini ya meza.

"Hili lako, mdogo wangu. Mwenzako aliyetangulia alijengea nyumba."

Mihayo alilitazama. Halafu akashukuru, akalifunga nyuma ya baiskeli, akarudi nalo mchana kweupe.

Felisita aliliona likiingia ndani na harufu yake ikajaa chumba. Aliuliza ni nini, akaambiwa. Akakaa kitandani.

"Kwa hiyo nimeolewa na mwizi."

"Sikiliza kwanza," Mihayo alisema. "Ningelikataa, mwezi ujao ningehamishwa, akaletwa anayekubali. Na hili dumu lingeuzwa vile vile."

"Sasa?"

"Sasa kesho asubuhi linarudi joshoni."

"Waambie watu, Mihayo. Waite, useme mbele yao."

"Nitasema nini? Nina karatasi gani mkononi? Kamati ina watu tisa, na mmoja wao akikohoa, Bariadi wanasikia. Nikisema, nitasikika siku moja. Nikinyamaza, ng'ombe wataoga mwaka mzima."

"Dumu moja," alisema Felisita. "Na mengine?"

"Mengine nitayafuata."

Walibishana hivyo kwa miaka miwili, na hoja zao hazikubadilika sana. Felisita alisema uchafu unafagiliwa kwa kufungua mlango. Mume akasema ukifungua mlango kabla hujashika ufagio, utafagiliwa wewe. Wote wawili walikuwa na akili, na ndiyo maana ubishi haukwisha.

Lakini kazi waliifanya pamoja. Mihayo angeonekana na dumu joshoni, habari ingefika mjini kabla ya saa nne. Kwa hiyo siku za kuogesha Felisita aliimimina dawa ndani ya ndoo ya maji, akaifunika kwa majani ya mti ili isimwagike, akajitwika kama mwanamke anayekwenda kisimani, akapita joshoni ambako mumewe alikuwa akikoroga kabla ng'ombe hawajafika. Anamimina, anaendelea kisimani, anasuuza ndoo mara nne, anarudi na maji ya kufulia. Harufu iling'ang'ania kilembani. Alikuwa mjamzito wakati huo, na harufu ile ilimtapisha, naye alitapika njiani na kuendelea kutembea.

Sasa Mihayo aliyafuataje mengine? Hapa ndipo hata wanaombeza hucheka. Alijifanya mlafi. Alikwenda stoo akalalamika kwamba dumu moja ni dharau, kwamba ana mke mjamzito, ana wadogo wanaosoma, ana mkwe Mkula asiyeshiba. Akapewa la pili. Akanuna, akapewa la tatu. Wezi wenzake walimcheka wakamwita Fisi. "Mdogo wangu," Bwana Fredrick alimwambia siku moja, "hata sisi tunaacha kidogo." Mihayo akacheka kile kicheko chake kilichochelewa, akaomba jambo moja zaidi: wasijisumbue na chokaa, ataiweka mwenyewe. Wakafurahi kupunguziwa kazi. Chokaa hakuiweka.

Basi fikiria sasa wewe ni mfugaji wa Ngulyati. Bwana mifugo mpya anaingia nyumbani kwake na madumu matatu ya dawa kila mwezi, unayaona kwa macho yako. Mke wake akipita, ananuka dawa. Na josho, lililokuwa jeupe siku zote, limekuwa na rangi ya udongo. Ungesema nini? Usijitie ualimu. Ungesema walichosema wao.

Ng'ombe walipona, hilo ni kweli, na waliona kwamba wanapona. Lakini wengine walisema ni majani mazuri ya mwaka huo, wengine wakasema ni sala, na wengine wakamshukuru mganga aliyezindika mazizi. Mtu akishapewa jina la mwizi, hata mema yake yanatafutiwa mwenyewe mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba iliitishwa dagashida, mkutano ule wa kijiji kizima ambao neno lake halirudi nyuma. Mzee Limbu, mwenye zizi kubwa kuliko yote na mwenyekiti wa kamati ya josho, ndiye aliyesimama. Alikuwa mtu wa haki, na ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi. Aliuliza swali moja.

"Bwana mifugo, yale madumu ni ya nini?"

Mihayo alitazama watu mia nne. Angeweza kujibu. Felisita, aliyekuwa upande wa wanawake na mtoto mgongoni, alimtazama kama anayemsukuma kwa macho. Mihayo akasema, "Ni ya kazi yangu, baba." Akakaa.

Wakatengwa. Asiwepo wa kuwasalimu, wa kuchota nao maji, wala wa kuwapa moto. Viberiti vilikuwepo dukani, ndiyo, ila mwenye duka naye alikuwa mkutanoni. Tangu siku hiyo Felisita alilinda kaa lake jikoni kama yai, akilifukia majivuni kila jioni, na lilipozimika alitembea mpaka mjini kununua kiberiti. Jirani yake, Nyanjige, ambaye walikuwa wakipeana chumvi na siri, alianza kupita nyuma ya boma. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mikono ilipita mbele yake kwenda kwa mwingine. Hilo la kanisani ndilo lililomuumiza. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba Mungu anajua, sawa, lakini Mungu haazimi chumvi.

"Msimu mmoja tu," Mihayo alisema. "Nitapata hata karatasi za stoo. Msimu mmoja."

Mwisho wa mwaka ule mvua zikaja zikakataa kuondoka. Kila aliyekuwa na akili anazikumbuka. Mito ilikula madaraja, pamba ikaoza shambani, na kupe wakazaliana mpaka ukipita kwenye nyasi unarudi nao kwenye soksi. Ndigana ikashuka. Habari zilifika kutoka kila upande: ng'ombe wanavimba matezi chini ya sikio, wanakohoa povu, wanakufa. Josho jeupe huku, josho jeupe kule, na ng'ombe wanakufa. Ngulyati walikufa wachache, wa kuhesabu kwa vidole.

Hapo likazuka neno jipya: Mihayo amewazindika ng'ombe wetu ili wizi wake usijulikane, na zindiko likiisha nguvu, vifo vya kijiji chetu vitakuja kwa mkupuo. Usicheke. Watu wenye hofu hawakosi maelezo. Ikatangazwa dagashida nyingine Jumapili baada ya misa, na ajenda ilijulikana kabla ya kusomwa: bwana mifugo na nyumba yake waondoke kijijini.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo, Felisita alikuwa akitoka kisimani ng'ombe wa Mzee Limbu walipopita kwenda joshoni. Alisogea pembeni. Walikuwa wengi kuliko mwezi uliopita, na kati yao alikuwepo jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopindia jichoni, kana kwamba anachungulia. Felisita alishusha ndoo. Felisita alimfahamu jike yule. Alimkamua kwa mikono yake zizini kwa baba yake, Mkula, alipokwenda kujifungua.

Hapa inabidi mgeni aelezwe jambo moja. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa kwa watu, huyu watano, yule kumi, huyu anakunywa maziwa na kuwatunza, ili ugonjwa au mwizi akiingia upande mmoja, upande mwingine ubaki. Na anayetunza hamtaji mwenye mali. Ni siri ya heshima. Jirani anaweza kufa bila kujua nusu ya zizi lako ni la nani. Lakini mtoto anayekamua hujua, na baba yake Felisita alishamnong'oneza: jike yule na wenzake saba walikuwa wa Bwana Fredrick wa stoo.

Wamefikaje Ngulyati? Mkula ng'ombe walikuwa wakifa. Ndugu zake walishampa habari. Mwenye jike amewatoa huko wote wanane kabla hawajafa, akawaswaga siku mbili matopeni, akavipita vijiji vyote vyenye majosho meupe, akawaleta kwenye josho la Fisi. Felisita alisimama njiani maji yakimkauka miguuni. Halafu akaanza kucheka peke yake, na waliomwona walisema kutengwa kumempanda kichwani.

Hakumwambia mumewe. Alijua mumewe angemwambia anyamaze.

Jumapili Mzee Limbu alipomaliza kusoma mashtaka, Felisita alisimama. Wanawake walimvuta kanga, akaichomoa mikononi mwao.

"Baba Limbu, naomba kuuliza. Mkishanifukuza sitapata nafasi."

"Uliza, mayu," alimjibu, akimwita mama.

"Ng'ombe wageni waliokuja zizini kwako mwezi huu, ni wa nani?"

Uwanja uliguna. Huo ulikuwa utovu wa adabu mkubwa. Hata watoto walijua. Mzee Limbu alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Ni wa mtu," alisema.

"Sitaki jina. Mimi ni mtoto wa mfugaji, najua mwiko. Nakuuliza hivi tu: mtu huyo ana dawa yake mwenyewe? Anaweza kuchota dawa anavyotaka, kuliko sisi wote hapa?"

 Kutaja Mzee Limbu hawezi, na uongo hajawahi kusema mbele ya dagashida tangu azaliwe. Alinyamaza, na watu wakamtazama akinyamaza.

"Na wengine?" Felisita aligeukia wenye mazizi. "Wewe, na wewe baba. Mmepokea wageni mvua hizi? Wenyewe wanafanya kazi gani mjini?" Macho yakaanza kutafuta ardhi, huyu, kisha yule. "Wanaogawa dawa wilaya nzima wameleta ng'ombe wao hapa. Kwenye josho la mwizi! Wamekosa josho jeupe? Mwizi gani huyu ambaye wezi wenzake wanamwamini na ng'ombe?"

Kisha akawaambia ndoo, majani, na kutapika njiani. Akawaambia chokaa. Alilia akisema, na hakuficha kwamba analia.

 Mzee Limbu alimgeukia Mihayo. "Nilikuuliza, mwanangu. Kwa nini hukunijibu?"

"Ningekujibu wewe, baba, ningekuwa nimejibu mji mzima."

"Ulituona wote ni wadaku?"

Mpaka leo hilo ndilo swali ambalo wanaombeza wana haki nalo.

Nyumbani waligombana kuliko siku zote. "Umeibomoa kazi yote," Mihayo alisema. "Ndani ya wiki watanihamisha. Nilibakiza msimu mmoja!" Felisita akamjibu kwamba msimu mmoja huo angeokoa ng'ombe wote wa Ngulyati na kumzika mkewe, na kama hajui tofauti, alale nje. Alilala nje. Asubuhi alimkuta Felisita amekaa na mtoto, akakaa karibu naye, akasema, "Ulichoniambia siku ya dumu la kwanza, ndicho ulichokifanya jana. Pengine ningekusikiliza." Felisita alitaka sana kukubali. Lakini alishakaa macho na hesabu yake: wangesema siku ile ya kwanza, wangehamishwa, na jike mwenye pembe ya jicho asingepata zizi la kukimbilia. Ushahidi uliowaokoa ulizaliwa na miaka miwili ya kunyamaza. Akamwambia anywe uji wake.

Na Ngulyati? Kijiji hakikwenda polisi. Kilikuwa na njia yake. Mzee Limbu aliwaswaga ng'ombe wanane mpaka mjini kwa mkono wake, mzee wa miaka sabini, akawasimamisha mbele ya nyumba ya Bwana Fredrick watu wakitazama. "Zizi langu limejaa," alisema, akageuka. Hakuna aibu inayoizidi hiyo. Wiki ile ile mazizi mengine nayo yakajaa. Wakubwa walionekana wakihangaika na ng'ombe wao kijiji kwa kijiji, na kila walikobisha hodi, habari ilikuwa imeshatangulia. Kamati nayo ikaanza kwenda stoo watu watano na fimbo zao, pipa lisifunguliwe mpaka joshoni mbele ya wote, na maji yakiwa ya udongo, wanapiga makofi.

Bwana Fredrick hakufungwa. Ilisemwa alipewa nafasi kubwa zaidi kwingine, na hilo linakera hata kuliandika. Mihayo ndiye aliyepata barua: anahamia upande mwingine wa mkoa, kusimamia josho lililokauka na kupasuka tangu wakati wa vita vya Uganda. Alisoma barua mara mbili, akauliza kama kuna saruji ya kununua huko.

Asubuhi ya kuondoka, lori lilikuwa likinguruma uani. Vyungu vimefungwa, mafiga yameng'olewa, majivu yamefagiwa. Felisita alikuwa akimfunga mtoto mgongoni alipomwona Nyanjige akija kwa njia ya mbele, akitembea taratibu, kigae mikononi, na juu ya kigae makaa matatu mekundu.

"Mwangaluka, mayu," alisema Nyanjige. Ilikuwa salamu yake ya kwanza baada ya miezi kumi na minne. "Nimekuletea moto."

Felisita alitazama jiko tupu, akatazama lori. Dereva alipiga honi. Mihayo, tayari juu ya mzigo, alimtazama mkewe, kisha akashuka bila kuambiwa, akafungua kamba na kushusha mafiga, moja, la pili, la tatu.

"Wabeja, mayu," Felisita alishukuru, akapiga magoti, akayapanga mafiga mahali pake pa zamani, akapokea moto. Dereva akapiga honi tena. Mihayo akamwambia azime injini, maana uji utachukua muda.